Ndani Kipande cha Mti

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Wengi wetu tulifundishwa methali hii shuleni kama kemeo. Jihadhari na kinachong'aa, tuliambiwa, maana ukikifungua utakuta gogo tu. Lakini kuna kifaa kimoja ambacho methali hii inakieleza neno kwa neno, na kwake kemeo linageuka kuwa sifa. Nacho ni skii, zile mbao mbili ndefu ambazo watu wa nchi za baridi huzifunga miguuni na kuteremka nazo mlimani juu ya theluji. Nje ni plastiki yenye rangi na michoro. Ndani, katika skii nyingi nzuri zinazouzwa leo, kuna kipande cha mti, na hicho ndicho kinachofanya kazi kubwa.

Miaka ya karibuni wametokea mafundi, wengi wao wa karakana ndogo za Ulaya na Marekani, wanaotaka kuitoa mbao hiyo nje ionekane. Wanapunguza plastiki, wanabadilisha gundi, wanaacha uso wa mti wazi na kuupaka mafuta. Bidhaa yao wanaiita skii ya mbao, rafiki wa mazingira. Ni vitu vizuri kweli, hilo silipingi. Swali linalonisumbua ni la kimaadili: je, kifaa kinaweza kuwa chema ikiwa safari kinayotumikia si njema? Yaani, fundi akitengeneza kwa usafi wote kitu ambacho mteja wake atapanda nacho ndege kuvuka bahari kwenda kuchezea, amefanya wema gani, na wema huo ni wa nani?

Najua kuna msomaji ameshasema moyoni: theluji na sisi, wapi na wapi? Jibu la haraka ni Philip Boit. Mkimbiaji huyu wa Kenya alijifunza skii ukubwani, na mwaka 1998 akashiriki mbio za kilomita 10 kwenye Olimpiki ya Nagano, Japani. Alimaliza wa mwisho, dakika kama 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei, ambaye alibaki akimsubiri mstarini na kumkumbatia. Miaka 20 baadaye, kule Pyeongchang, Sabrina Simader, aliyezaliwa Kenya na kukulia Austria, aliiwakilisha Kenya katika skii za mteremko. Halafu wako ndugu zetu walioko Oslo na Toronto, ambao watoto wao wanakua na theluji kama wetu wanavyokua na vumbi.

Lakini jibu langu hasa ni lingine. Kitu kilicho mbali ni rahisi kukihukumu kwa haki. Nikiandika kuhusu mkaa, mifuko ya plastiki au mbao za mninga, kila mmoja wetu ana jiko, duka au binamu wa kumtetea. Kwenye skii wengi wetu hatuna cha kutetea. Tunaweza kuliangalia swali lenyewe bila nguo, halafu tukirudi nyumbani tuone linatufaa wapi.

Historia ya skii, kwa sehemu kubwa sana, ni historia ya mbao. Mwaka 1924, huko Kalvträsk kaskazini mwa Sweden, zilifukuliwa skii za msonobari ambazo vipimo vimeonyesha zina umri wa miaka kama 5,200. Katika milima ya Altai, upande wa Xinjiang nchini China, hadi leo wako watu wanaochonga skii zao wenyewe na kuzivika ngozi ya farasi kwa chini. Manyoya yakilala kuelekea nyuma, skii inateleza ikishuka na inagoma kurudi nyuma ikipanda. Na huko Morgedal, wilaya ya Telemark nchini Norwei, Sondre Norheim, aliyezaliwa mwaka 1825, anakumbukwa kwa kuifinya skii kiunoni. Aliiacha pana mbele na nyuma, nyembamba katikati, ili ikate kona kwa urahisi. Kiuno hicho bado kipo kwenye skii za leo.

Kisha vikaja vitu vingine. Katika miaka ya 1920, Rudolf Lettner wa Salzburg alibuni kingo za chuma ili skii iume barafu badala ya kuteleza ovyo. Miaka ya 1930 mafundi wa Norwei wakaanza kuuza skii za vipande vingi vya mbao vilivyogundishwa, badala ya ubao mmoja mzima. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mhandisi wa ndege wa Marekani, Howard Head, alijaribu kutengeneza skii ya aluminiamu isiyotegemea mbao ndani, akitumia kiini chepesi cha vitundu kama sega la nyuki. Zilivunjika. Akaunda tena, zikavunjika tena. Alipofikia skii iliyofanikiwa, mwaka 1950, ndani ya aluminiamu alikuwa amerudisha tabaka za mbao. Mwaka 1960, Jean Vuarnet wa Ufaransa alishinda mteremko wa Olimpiki kule Squaw Valley akiwa na skii za chuma, na zama za mbao tupu zikawa zimekwisha. Baada ya hapo ikaja faibaglasi, na plastiki juu na chini.

Angalia kilichotokea, maana hapa ndipo hoja yangu inapoanzia. Mbao haikuondoka, ilifunikwa. Mhandisi wa ndege aliikimbia, akazunguka, akarudi kwake. Sababu ni kwamba mbao hupinda na kurudi mara maelfu bila kuchoka, na humeza mtetemo ambao chuma kingeupeleka moja kwa moja magotini.

Hebu sasa tuingie karakana. Kazi huanza na kuchagua mti. Eshi ni mbao nzito na ngumu, mita moja ya ujazo inakaribia kilo 700. Paulonia ni nyepesi mno, haifiki hata nusu ya uzito huo. Popla iko katikati. Fundi hupasua mbao kuwa fito nyembamba na kuzigundisha ubavu kwa ubavu, ngumu mahali panapokaa skrubu za buti, nyepesi kwingine. Fito zikiwa nyingi, moja ikitaka kujipinda, jirani yake inaizuia. Kisha huanza kupiga randa. Kiini cha skii huwa na unene wa milimita kama 11 katikati, kikapungua taratibu hadi milimita 2 hivi kwenye ncha. Hapo hakuna mchezo. Ukiongeza unene wa ubao mara mbili, ugumu wake wa kupinda unaongezeka mara nane. Kwa hiyo ukikosea hata nusu milimita, mguu wa mtu utaijua. Na skii ni mbili. Lazima zipinde sawa, ndiyo maana fundi makini hutoa viini vyote viwili kwenye mbao moja, kama pacha.

Baada ya hapo ni kupanga tabaka ndani ya kalibu: chini plastiki ngumu inayoteleza, pembeni kingo za chuma cha pua, kisha kitambaa cha nyuzi, kiini cha mbao, kitambaa tena, na juu kabisa ngozi ya mti yenye unene wa nusu milimita hivi. Kila tabaka hulowekwa gundi. Kalibu hufungwa, presi hukandamiza kwa joto, na kikitoka humo kitu kina mgongo wa upinde ambao mbao peke yake isingekubali kuushika miaka yote hiyo. Kilichobaki ni msumeno, msasa, mafuta, na tena msasa. Mswahili alishasema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Alikuwa anaongelea vyombo vya baharini, lakini theluji nayo ni maji.

Wale mafundi wa mazingira wanabadilisha nini hasa? Nyuzi za kioo au kaboni wanaziondoa, zote au baadhi, na kuweka kitani, nyuzi za mmea uleule ambao watu wamevaa nguo zake tangu zama za Mafarao. Gundi ya epoksi iliyotoka yote kwenye mafuta ya petroli wanaipunguza kwa gundi ambayo sehemu yake imetokana na mimea. Karatasi ya plastiki ya juu wanaitupa kabisa. Mbao wanazinunua kwenye misitu yenye cheti. Na nta ya kuteleza wanachagua isiyo na floraini, zile kemikali ngumu zisizooza, ambazo hata Shirikisho la Kimataifa la Skii limezipiga marufuku kwenye mashindano yake tangu msimu wa 2023/24.

Na nini hakibadiliki? Kingo bado ni chuma. Chini bado ni polietilini. Gundi bado ni gundi, hata kama mti umechangia. Ukiizika skii hii bustanini, mjukuu wako ataikuta. Hapa tunafika kwenye swali la kwanza la maadili, nalo ni la majina. Je, ni haki kuiita skii ya mbao?

Mimi ni mwandishi wa habari, na kila wiki napokea taarifa za bidhaa mpya zenye neno "asilia" au "rafiki wa mazingira". Nimejifunza kuuliza: neno hili linaeleza sehemu gani ya kitu? Skii ya kawaida ya dukani nayo mara nyingi ina kiini cha mbao, lakini haiitwi ya mbao. Skii ya fundi wetu inaitwa ya mbao kwa sababu mbao inaonekana. Lakini mbao inayoonekana ni ile ngozi ya nusu milimita, ambayo haifanyi kazi kubwa kuliko kupendeza na kulinda. Inayobeba uzito wa mtu ni ile ya ndani, isiyoonekana, na hiyo wote wawili wanayo. Mnunuzi analipa kwa kile anachokiona na anabebwa na kile asichokiona.

Sisemi huu ni utapeli. Kuondoa plastiki ya juu ni jambo la kweli, na kitani badala ya kaboni ni jambo la kweli. Nasema jina linapoenda mbele kuliko kazi, fundi ameanza kukopa imani ambayo itabidi ailipe. Fundi mwaminifu angesema hivi: skii yangu ina plastiki kidogo kuliko ya jirani, ina chuma kilekile, na imetengenezwa ili idumu. Sentensi hiyo haivutii kama "skii ya mbao". Lakini ni kweli yote, na mteja mwenye akili angeipenda zaidi. Chema chajiuza.

Swali la pili ni zito zaidi. Mwenye shaka atakuja na hesabu yake: ndugu yangu, jozi moja ya skii ni kilo chache za vitu. Mtu anayetoka New York kwenda milima ya Alps na kurudi anachoma mafuta ya ndege kwa mamia ya kilo. Hotelini kuna joto, mlimani kuna mitambo ya kuvuta watu juu, na siku hizi kuna mizinga ya kutengeneza theluji, maana ya mbinguni haitoshi. Olimpiki ya Beijing mwaka 2022 ilitegemea karibu kabisa theluji ya mashine. Katikati ya yote hayo, wewe unaniambia habari ya kitani? Ni sawa na mtu aliyekula mbuzi mzima akajisifu kwamba kijiti cha kuchokolea meno hakikuwa cha plastiki.

Hoja hii ina nguvu, na sitaikwepa. Hesabu yake ni sahihi: katika likizo ya skii, hasa ile ya ndege, usafiri ndio unaobeba sehemu kubwa ya madhara, na vifaa ni sehemu ndogo. Lakini kutoka kwenye hesabu hiyo watu huwa wanaruka hadi kwenye hitimisho ambalo halitokani nayo, kwamba basi kazi ya fundi ni bure. Hapana. Kinachotokana nayo ni kwamba kazi ya fundi haiwezi kulipia safari ya mteja. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Fikiria mwokaji mikate. Akitumia unga safi, akaosha mikono, akapima kwa haki, amefanya vyema. Mteja akichukua mkate ule akaula kwenye karamu ya wezi, mkate haujawa mchafu, wala karamu haijawa safi. Kila mtu anawajibika kwanza kwa kilicho mkononi mwake. Mkononi mwa fundi kuna mti, gundi, vumbi la mbao analovuta puani, mikono ya vijana anaowaajiri, na kitakachobaki skii ikifa. Hayo akiyafanya vizuri, amefanya vizuri, nukta. Lakini wema huo haununuliwi pamoja na risiti. Mteja hawezi kuubeba begani hadi uwanja wa ndege na kudai ni wake.

Tatizo ni kwamba biashara inataka uhamie. Inamnong'oneza mteja: nunua hii, wewe ni mtu wa mazingira. Zamani, katika Ulaya ya zama za kati, watu walitoa fedha kwa kanisa wakapewa vyeti vya rehema, wakaamini wamejipunguzia adhabu. Leo cheti kina umbo la ubao uliopakwa mafuta. Na hapa fundi hawezi kunawa mikono kabisa, kwa sababu mnong'ono huo ndio unaouza bidhaa yake. Kama anajua mteja ananunua msamaha, naye anauza msamaha, basi ameshiriki. Njia ya kutoka ipo, na haigharimu gundi wala kitani: awaambie wateja wake ukweli kuhusu safari. Awaambie skii hii ni kwa mlima ulio karibu nawe, unaoufikia kwa treni au basi. Kama wanaondoka, waondoke.

Swali la tatu ni la bei. Skii za karakana ndogo mara nyingi huzidi dola 1,000 za Marekani kwa jozi, na zile zinazoundwa kwa kipimo cha mtu mmoja hufika 2,000. Norheim, yule aliyeifinya skii kiunoni, alikuwa mpangaji maskini kwenye ardhi ya watu. Mwaka 1884 alihamia Marekani, na akafia North Dakota mwaka 1897. Skii kwake ilikuwa kitu cha kuchonga mwenyewe, kama jirani zake. Wale wa Altai nao hawauzi skii zao kama skii za mazingira. Kwao ni skii tu. Kuna kejeli hapo: kitu kilichokuwa cha maskini kwa sababu kilitoka msituni bure, kinarudi kama anasa kwa sababu kilekile. Mwenye nacho ananunua usahili, na maskini wa leo ananunua plastiki kwa sababu ndiyo rahisi.

Je, hilo linaifanya kazi kuwa mbaya? Sioni hivyo. Bei kubwa ya fundi kwa sehemu ni bei ya haki: saa nyingi za mtu mzima mwenye ujuzi, anayelipa kodi na kula. Tunachopaswa kukikataa ni wazo kwamba anayeweza kulipa dola 2,000 ni mwema kuliko anayekodi skii za plastiki zilizotumiwa na watu 100 kabla yake. Kwa hesabu ya mazingira, huenda yule wa kukodi ndiye amefanya vizuri zaidi. Kitu kimoja kikitumiwa na wengi ni vitu vingi ambavyo havikutengenezwa.

Na hapo ndipo linapokuja suala la mbao yenyewe. Tunapenda kuamini kwamba mbao ni njema kwa asili. Lakini mbao ina mahali ilipokatwa na mtu aliyeikata. Chukua eshi, mti wanaoupenda mafundi wa skii. Mwaka 2002 karibu na Detroit aligunduliwa mdudu mdogo wa kijani kutoka Asia, na tangu hapo ameua mamilioni ya miti hiyo Amerika Kaskazini, huku Ulaya ugonjwa wa kuvu ukiidhoofisha. Fundi anayetumia eshi leo anatumia mti ulio mgonjwa. Akichukua ule uliokwisha kufa kabla haujaoza, ameokoa kitu. Akiagiza uliokatwa mzima kutoka mbali kwa sababu rangi yake imetulia, ni habari nyingine. Mbao ni ileile, lakini matendo ni mawili. Wanavijiji wa Kilwa, walioupatia msitu wao wa mpingo cheti cha kimataifa mwaka 2009, wanalielewa jambo hili kuliko maduka mengi: gogo lina thamani zaidi likiwa na anwani.

Na plastiki nayo si shetani kwa asili. Mwaka 2018 kule Lamu lilishushwa majini jahazi dogo la Flipflopi, lililojengwa kwa takataka za plastiki tani kama 10 na kupambwa kwa ndara zilizookotwa ufukweni. Mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Mafundi wake walichonga plastiki kwa mbinu za kuchonga mbao. Kwa hiyo kuna fundi anayesifiwa kwa kutoa plastiki na kurudisha mti, na kuna fundi anayesifiwa kwa kuacha mti na kutumia plastiki. Wote wawili wako sahihi. Hawapingani, kwa sababu swali lao ni moja: hiki nilichokishika kilitoka wapi, na kitaenda wapi kikitoka mkononi mwangu?

Kitaenda wapi. Hapo nadhani ndipo skii ya mbao ina sifa yake ya kweli, na ajabu ni kwamba haitangazwi sana. Viwanda vikubwa hubadilisha michoro ya skii karibu kila mwaka. Ndani kitu ni kilekile au kimebadilika kidogo, lakini juu rangi ni mpya, na mtu mwenye skii ya miaka mitatu iliyopita anajulikana akiwa kwenye foleni. Mchoro ule kazi yake ni kuipa skii tarehe ya kuzeeka. Ngozi ya mti haina tarehe. Skii isiyo na picha haina mwaka. Inakwaruzika, unapiga msasa, unapaka mafuta, inaendelea. Fundi akiondoa picha ameondoa plastiki kidogo, ndiyo, lakini ameondoa pia ile aibu ndogo inayowafanya watu watupe vitu vizima. Kwangu hiyo aibu ni uchafuzi mkubwa kuliko plastiki yenyewe.

Wakubwa nao wameanza kulisikia. Mwaka 2022 Rossignol ya Ufaransa ilionyesha skii iitwayo Essential, iliyobuniwa ili ikifa iweze kuvunjwavunjwa, na kampuni ikasema asilimia 77 ya vifaa vyake vinaweza kurejelewa. Ni hatua nzuri. Lakini kurejeleza ni kwa ajili ya kitu kilichokufa. Kabla ya hapo kuna kukitunza kisife.

Katika barafu ya mlima wa Digervarden, nchini Norwei, mwaka 2014 wataalamu waliokota skii moja ya mbao yenye miaka kama 1,300. Walirudi tena na tena kuangalia barafu ikiyeyuka, na mwaka 2021 wakaipata ya pili, mita chache kutoka ile ya kwanza. Hazifanani kabisa. Zimetumika sana, na zina alama za kutengenezwa. Kuna mtu, miaka 1,300 iliyopita, ambaye skii yake ilimwonyesha dalili za kuvunjika, akakaa chini akaikarabati, na akaendelea kuvaa jozi ambayo moja si pacha wa nyingine. Hakufikiri kuhusu mazingira. Alikuwa na baridi, mlima, na ubao uliomgharimu siku za kazi. Lakini alichofanya ndicho tunachokitafuta leo kwa vyeti na matangazo.

Tusisahau kwa nini tumeziona skii hizo. Tumeziona kwa sababu barafu iliyozihifadhi inayeyuka. Joto linalotuletea skii ya zamani ndilo linaloondoa theluji chini ya skii mpya. Vituo vya chini kwenye milima ya Alps vimekwisha kuanza kufungwa. Huenda fundi wa leo anatengeneza kifaa kitakachodumu kuliko theluji yake, na hilo yeye mwenyewe analijua. Kuna atakayesema hapo basi aache. Mimi nadhani hapo ndipo kazi yake inapata maana, kwa masharti. Atengeneze vichache. Avitengeneze vikarabatike. Aseme kweli kuhusu chuma na plastiki iliyobaki. Asiuze msamaha. Akimaliza, awe tayari kumwambia mteja mwenye jozi nzima nyumbani: huhitaji yangu, lete hiyo nikunolee.

Sharti hilo la mwisho ndilo gumu, kwa sababu linagusa mfuko. Lakini ndilo linalotenganisha fundi na muuza maneno. Na sisi wa huku, tusio na theluji, tunalo sharti letu ambalo halina tofauti. Kabla ya kununua kitu kwa sababu kimeandikwa ni rafiki wa mazingira, tufungue stoo tuone kama hakuna cha zamani kinachohitaji skrubu mbili na msasa. Mara nyingi kipo. Na tukikiangalia vizuri ndani, chini ya rangi iliyobanduka, mara nyingi tutakuta kipande cha mti bado kizima.